Hong Kong 1997: mwenye madaraka alikuwa anamjibu nani?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Tanga. Dada yangu yuko Manchester, kaolewa na kijana wa Hong Kong aliyezaliwa kule 1985, ana ile pasipoti ya BN(O), ya Uingereza kwa watu wa Hong Kong. Kila tukipigiana simu ya video mjadala ni huohuo. Shemeji anasema Hong Kong ilikuwa na demokrasia, Mwingereza akaikabidhi kwa China ndo ikafa. Baba yangu anasema hakuna mkoloni aliyewahi kuleta demokrasia popote, wale walianza kuitisha uchaguzi wakati mabegi yameshafungwa, makusudi wamuachie mwenzao fujo. Ukweli ni upi? Na kama mkataba wao wa makabidhiano ulisajiliwa mpaka Umoja wa Mataifa, kwa nini haukulinda kitu? La mwisho, nina wapwa wawili, shemeji anataka kuwapeleka Hong Kong kumsalimia bibi yao, hadhi yao pale ikoje?"

Marahaba mwanangu. Swali lako zuri, na nimelipenda zaidi kwa sababu halikutoka darasani, limetoka kwenye familia. Nitakujibu kwa urefu maana hili jambo ukilifupisha unaishia kuchagua upande, baba au shemeji, wakati wote wawili wameshika kipande cha kweli na kipande kingine wamekiruka. Baba yako yuko sahihi kwa sehemu kubwa ya historia ya ile koloni. Shemeji yako yuko sahihi kwa ile miaka michache aliyoikuta akiwa mtoto. Ila kuna swali hakuna kati yenu aliyeliuliza, nalo ndo kubwa kuliko yote: yule mwenye madaraka pale Hong Kong alikuwa anamjibu nani? Uchaguzi ni kitu kimoja, kuwajibika ni kitu kingine, na Hong Kong vitu hivi viwili vilitenganishwa toka mwanzo na havikuja kuunganishwa kamwe.

Kwanza ile tarehe yenyewe ilitoka wapi. Kisiwa cha Hong Kong Mwingereza alikichukua moja kwa moja mwaka 1842 baada ya Vita vya Kasumba, akaongeza Kowloon mwaka 1860, halafu mwaka 1898 akakodi eneo kubwa la nyuma yake, New Territories, kwa miaka 99. Sasa hilo la kukodi ndo karibu ardhi yote, kwa hiyo mkataba ulipokuwa unakaribia kuisha 30 Juni 1997 hakukuwa na namna ya kurudisha kile cha kukodi na kubaki na kisiwa, ingekuwa kubaki na sebule nyumba imeshachukuliwa. Ndo maana hapakuwa na uhuru wa kudaiwa kama wetu. Tanganyika 1961 na Kenya 1963 mamlaka yalitoka kwa Mwingereza yakaenda kwa watu wa nchi yenyewe, tena kwa serikali iliyokwisha kupigiwa kura. Hong Kong mamlaka yalitoka dola moja yakaenda dola nyingine, na wenyeji hawakuwa na kiti mezani.

Hapa kuna jambo ambalo sisi Watanzania wengi hatulijui. Mwaka 1972 China, ikiwa ndo kwanza imerudishiwa kiti chake Umoja wa Mataifa, iliandikia ile Kamati ya 24 ya kuondoa ukoloni ikitaka Hong Kong na Macau ya Mreno zifutwe kwenye orodha ya makoloni. Ni kamati ileile ambayo miaka ya 1970 iliongozwa na Salim Ahmed Salim wetu. Hoja ya China ilikuwa kwamba haya si makoloni yanayosubiri uhuru, ni ardhi ya China iliyochukuliwa kwa mikataba ya kuonewa na itarudi kwa mwenyewe. Baraza Kuu likakubali mwaka huohuo. Mwanangu, madhara yake ni makubwa mno, manake ukishatoka kwenye ile orodha, haki ya watu kujiamulia mustakabali wao haikuhusu tena. Ile njia waliyopita Nyerere na Kenyatta, Hong Kong ilifungwa kimya kimya, na sioni kumbukumbu yoyote kwamba mwananchi wa kule aliulizwa.

Sasa tuje kwenye hoja ya baba. Gavana alitumwa na London. Alikuwa na Legco, Baraza la Kutunga Sheria kama yale ya Nairobi na Dar, lakini mwenyekiti wake alikuwa gavana mwenyewe, na hilo liliendelea mpaka mwaka 1993, yaani miaka minne tu kabla ya kuondoka. Wajumbe aliwateua yeye. Kwa zaidi ya miaka 140 hakuna mjumbe hata mmoja wa Legco ya Hong Kong aliyechaguliwa na wananchi wa kawaida, na uchaguzi wa kwanza wa Legco ulikuja 1985. Linganisha na Tanganyika, tulipiga kura ya Legco mwaka 1958, na pamoja na mizengwe yote ya kura tatu ilikuwa kura. Hong Kong walichokuwa wanaruhusiwa kupigia ni baadhi ya viti vya baraza la mji linaloshughulika na masoko, usafi na bustani. Uingereza ilipoingiza Hong Kong kwenye mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa mwaka 1976, ikaweka sharti pembeni kwamba kile kifungu cha uchaguzi hakitailazimisha kuwa na Legco ya kuchaguliwa kule. Hilo liko kwenye maandishi. Kwa hiyo anayesema Mwingereza aliwalea Hong Kong kwenye demokrasia hana pa kusimamia.

Lakini mwambie baba pia kwamba "makusudi kuacha fujo" haitoshi kuieleza. Mwaka 1946, vita vimeisha tu, gavana Mark Young alileta mpango wa baraza la mji lenye wajumbe wa kuchaguliwa na madaraka ya kweli. Ukazungushwa ofisini miaka na miaka, gavana aliyefuata, Alexander Grantham, hakuupenda, matajiri wa pale nao hawakuupenda, na mwaka 1952 ukafutwa. Baadaye Beijing nayo ikaanza kuonya. Nyaraka za Uingereza zilizofunguliwa zinaonyesha Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, mwaka 1958 akipeleka ujumbe kwamba kuipa Hong Kong utawala wa ndani kutahesabiwa ni uchokozi, na 1960 afisa mwingine wa juu akasema wazi kwamba China ingeichukua kwa nguvu. Kwa hiyo kulikuwa na woga wa kweli. Mimi maoni yangu, huo woga ulikuwa kweli na ulikuwa kisingizio kwa wakati mmoja. Ulizuia kujitawala, sawa, ila haukuzuia serikali kuwajibika kwa mambo ya kawaida, polisi wasile rushwa, mwananchi ajibiwe malalamiko yake, na hayo nayo hawakuyagusa mpaka yalipowalipukia.

Yalilipuka 1973. Afisa mkubwa wa polisi, Peter Godber, alikuwa anachunguzwa kwa mali asizoweza kuzieleza, akatumia kitambulisho chake cha polisi kupita uwanja wa ndege akapanda ndege kwenda Uingereza. Vijana wakaingia barabarani, watu wa kawaida wakachoka waziwazi, manake walijua kwamba hata gari la wagonjwa na zimamoto ulikuwa huvipati bila kutoa kitu. Gavana MacLehose akaunda ICAC mwaka 1974, tume huru ya rushwa, nje ya polisi, inayoripoti kwake moja kwa moja. Godber akarudishwa, akafungwa miaka minne. Ile tume ilifanya kazi kwelikweli, mpaka 1977 polisi wenyewe wakavamia ofisi zake, na gavana akalazimika kusamehe makosa mengi ya kabla ya mwaka huo ili jeshi la polisi lisivunjike mikononi mwake.

Nimekaa kidogo kwenye ICAC kwa sababu inaonyesha tabia ya mfumo mzima. Ilikuwa uwajibikaji wa kutoka juu. Mwananchi alilindwa dhidi ya polisi mla rushwa, na hilo si dogo, muulize mtu yeyote aliyewahi kusimamishwa barabarani kwetu huku. Lakini alilindwa kwa sababu gavana aliamua kumlinda. Gavana akiwa mzuri nchi inakaa vizuri, akiwa mbovu huna pa kumshitaki isipokuwa London, na London ni mbali. Shemeji yako anachokumbuka kwa mapenzi, mahakama zinazoaminika, magazeti yanayosema, ofisi zisizodai chai, ni vitu vya kweli kabisa. Ila ni uhuru, siyo demokrasia. Hong Kong walikuwa na uhuru mwingi uliotundikwa kwenye msumari mmoja, nia njema ya aliye juu.

Mwaka 1984 ndo likaja Azimio la Pamoja, yaani ule mkataba wa Uingereza na China wa kuikabidhi Hong Kong, likasainiwa Beijing tarehe 19 Desemba na mawaziri wakuu, Thatcher wa Uingereza na Zhao Ziyang wa China. Hapa tafadhali soma pole pole maana ndo penye kiini. Lilisema Hong Kong itakuwa na utawala wake wa ndani wa kiwango cha juu, mfumo wake wa maisha utabaki miaka 50. Likasema chombo cha kutunga sheria kitaundwa kwa uchaguzi. Likasema serikali itawajibika kwa chombo hicho. Na likasema kiongozi mkuu atapatikana kwa uchaguzi au mashauriano ya hapohapo, kisha atateuliwa na Beijing. Sasa angalia kilichokosekana. Uchaguzi wa namna gani, hakikusemwa. Kuwajibika maana yake nini, hakikusemwa. Mtu mmoja kura moja haimo. Kwa hiyo shemeji akisema China iliahidi demokrasia kamili ndani ya Azimio, hapo amezidisha, ile ahadi ya kufika siku moja kwenye kura ya wote ilikuja kwenye Sheria ya Msingi ya mwaka 1990, ile iliyo kama katiba ndogo ya Hong Kong lakini ni sheria ya China, na imeandikwa kama lengo la mwisho litakalofikiwa hatua kwa hatua.

Na hiyohiyo Sheria ya Msingi ndo ilijaza lile pengo la kuwajibika. Kifungu cha 64 kinasema serikali itawajibika kwa Legco, halafu kinataja ni kwa mambo gani: kutekeleza sheria zilizopitishwa, kutoa hotuba za sera, kujibu maswali ya wajumbe, kuomba kibali cha kodi na matumizi. Basi. Hakuna kupiga kura ya kutokuwa na imani ikamuondoa waziri. Na mjumbe kupeleka muswada wake mwenyewe unaogusa matumizi ya fedha au muundo wa serikali haruhusiwi, na ukigusa sera anahitaji kwanza kibali cha maandishi cha yuleyule kiongozi anayetakiwa kumsimamia. Unaona mwanangu? Baraza likapewa mdomo, meno likanyimwa.

Miaka ya katikati naipita haraka. 1985 wakaingia wajumbe 24 kwa kura zisizo za moja kwa moja, wa taaluma, yaani waliochaguliwa na makundi ya kazi na biashara, na wa mabaraza ya wilaya. 1987 serikali ikaomba maoni kama watu wanataka kura ya moja kwa moja mwaka unaofuata, zikaja saini zaidi ya laki mbili za kutaka, ofisi ya kuhesabu maoni ikaziweka fungu la pembeni, lakini fomu zilizochapwa tayari za kupinga ikazihesabu kama maoni ya mtu mmoja mmoja, na jibu likatoka kwamba wananchi hawako tayari. Mimi hicho kitendo nakihesabu kuwa kibaya kuliko kutoitisha uchaguzi kabisa. Kutomuuliza mtu ni kumdharau, lakini kumuuliza halafu ukapindisha jibu lake ni kumfundisha kwamba kuulizwa hakuna maana. Kisha 1989 ikaja Tiananmen, jeshi la China likaua waandamanaji Beijing, watu kama milioni wakaandamana Hong Kong yenyewe, na toka hapo hakuna aliyeweza tena kusema watu wa pale wanajali biashara tu. 1991 wakapata viti 18 vya kura ya moja kwa moja kati ya 60, na wanademokrasia wakavizoa karibu vyote.

Ndo akaja Chris Patten, Julai 1992, mwanasiasa aliyekuwa amepoteza kiti chake cha ubunge mwaka huohuo, gavana wa mwisho. Wengi wanamuona kama mtu aliyeleta demokrasia kwa mkono wake, na Beijing walimuita mtenda dhambi wa miaka elfu. Kwa kweli alichofanya kilikuwa kidogo na cha kijanja. Sheria ya Msingi na maamuzi yake yalishapanga viti 60: 20 vya wananchi, 30 vya taaluma, 10 vya kamati ya uchaguzi. Patten hakuigusa hiyo hesabu. Aliingia kwenye mianya. Vile viti 9 vipya vya taaluma, badala ya kuwapa wenye makampuni, akavitanua wapige kura wafanyakazi wote, watu kama milioni 2.7. Ile kamati ya watu wa kuchagua 10 akaijaza wajumbe wa wilaya waliochaguliwa na wananchi. Umri wa kupiga kura akaushusha kutoka 21 hadi 18. Na yeye mwenyewe akaanza kwenda Legco kujibu maswali, jambo ambalo kwa gavana lilikuwa geni kabisa.

China ikasema hayo yanavunja maelewano, ikatoa barua saba ambazo mawaziri wa mambo ya nje, Hurd na Qian Qichen, walikuwa wameandikiana mapema 1990. Wakakaa vikao 17 mwaka 1993, havikuzaa kitu. Jambo likapelekwa Legco.

Ule usiku wa tarehe 29 kuamkia 30 Juni 1994 nataka uuone vizuri, kwa sababu kwangu ni usiku pekee ambapo Hong Kong yenyewe ilishika hatima yake mkononi. Wajumbe walijadili usiku kucha. Kikaja kipengele cha Liberal Party, chama cha wafanyabiashara, cha kupunguza makali ya Patten ili Beijing ilainike, kikaanguka kwa kura moja, 28 kwa 29. Emily Lau, aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya siasa, akaleta muswada wake akitaka viti vyote 60 viwe vya kura ya moja kwa moja, mtu mmoja kura moja, nao ukaanguka kwa kura moja, 20 kwa 21. Mpango wa gavana wenyewe ukapita, 32 kwa 24. Kura moja moja, mwanangu. Mambo ambayo London na Beijing walikuwa wanavutana miaka kumi yalikuja kuamuliwa na watu wa pale, kwa kuhesabiwa, na hakuna aliyejua jibu kabla.

Uchaguzi wa Septemba 1995 ukaleta Legco ya kwanza ambayo kila mjumbe kachaguliwa kwa namna fulani. Na hiyo Legco ya miezi ishirini na kitu tu ikaonyesha kuwajibika kunafananaje. Julai 1996 mkurugenzi wa uhamiaji, Laurence Leung, aliacha kazi ghafla, serikali ikasema ni sababu binafsi. Kumbuka huyu ndo ofisi yake ilikuwa na siri za familia zilizopewa pasipoti za Uingereza kimya kimya, kwa hiyo watu walikuwa na hofu. Wajumbe wakatumia sheria ya mwaka 1985 inayowapa uwezo wa kuita mashahidi chini ya kiapo, wakamuita, na Januari 1997 akasema mbele yao kwamba hakuondoka kwa hiari, alitakiwa aondoke. Serikali ikalazimika kueleza kwamba kulikuwa na suala la uadilifu, mali na biashara ambazo hakuzitaja. Hakuna aliyeangushwa, serikali haikuvunjika, lakini ofisi iliyokuwa imezoea kusema "sababu binafsi" ikakuta kuna watu wana haki ya kusema hapana, tueleze.

Halafu usiku wa 30 Juni 1997 ukafika, na ile Legco ikaisha hapohapo. China ilishasema haitaitambua. Desemba 1996 kamati ya watu 400 iliyoundwa chini ya Beijing ilikuwa imemchagua Tung Chee-hwa kuwa kiongozi kwa kura 320, kisha ikachagua baraza la muda, ambalo baadhi ya waliokaa humo ni watu walioshindwa kwenye kura ya 1995, na likawa linakutana ng'ambo ya mpaka, Shenzhen, mpaka siku ifike. Uchaguzi wa 1998 ukarudisha viti 20 vya wananchi, lakini vile vya taaluma wapiga kura wake wakashuka hadi chini ya laki moja na nusu, makampuni yakarudishiwa kura.

Lakini hapo shemeji anakosea akisema ilikufa 1997. Haikufa siku hiyo. Mwaka 2003 waziri wa fedha, Antony Leung, ilibainika alinunua gari jipya wiki chache kabla ya kutangaza bajeti iliyopandisha ushuru wa magari. Magazeti hayakumuachia. Legco haikuwa na uwezo wa kumuondoa, lakini Julai ya mwaka huo nusu milioni ya watu wakaandamana kupinga muswada wa usalama, na ndani ya wiki chache yeye na waziri wa usalama, Regina Ip, wakajiuzulu. Yaani kilichowajibisha serikali si kura, ni magazeti, mahakama, na miguu ya watu barabarani. Vitu hivyo vitatu ndo vilibeba kazi ambayo baraza lilinyimwa, na ndo hivyo vilivyobanwa baadaye. 2014 Beijing ikasema mnaweza kupiga kura ya kiongozi lakini wagombea wachujwe kwanza, watu wakakalia barabara siku 79. 2019 yale maandamano makubwa unayajua. 2020 sheria ya usalama wa taifa. 2021 Legco ikawa viti 90, vya wananchi 20 tu, kila mgombea achujwe, na waliojitokeza kupiga kura wakawa asilimia 30.2 wakati 2016 walikuwa 58.

Sasa swali lako la mkataba, kwa nini kusajiliwa Umoja wa Mataifa mwaka 1985 hakukusaidia. Watu wengi wanadhani kusajili ni kama kuweka hati benki, ukidhulumiwa unakwenda kuchukua. Kusajili kunathibitisha tu kwamba mkataba upo. Azimio halikutaja mahakama ya kwenda mkikosana, halikutaja msuluhishi, na tume ya pamoja ya kufuatilia ilimaliza kazi yake kuingia mwaka 2000. Na mwenye neno la mwisho la kutafsiri Sheria ya Msingi ni Kamati ya Kudumu ya bunge la China, kifungu cha 158. Mwenye ahadi ndiye hakimu wa ahadi. Na watu wa Hong Kong wenyewe, ambao ndo wenye maisha yao mle ndani, hawakuwa upande wa mkataba, kwa hiyo hawana hata pa kusaini malalamiko.

Sisi watu wa mwambao tunalo la kufanana nalo, muulize baba yako. Ule ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akiutawala kwa makubaliano ya 1895. Oktoba 1963 ukaingizwa Kenya kwa makubaliano ya Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Shamte, na zikatolewa ahadi: mahakama za kadhi, uhuru wa ibada, viongozi Waislamu kwenye maeneo ya Waislamu, Kiarabu kwa watoto, hati za ardhi kuheshimiwa. Januari 1964 upande mmoja wa makubaliano ukapinduliwa, hapakuwa tena na wa kuuliza. Na ukitazama nini kimebaki, mahakama za kadhi zipo mpaka leo, kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, kwa sababu ziliandikwa ndani ya katiba ya nchi na zikawa na makadhi, majengo na watu wanaozitumia kila siku. Ardhi ya pwani unajua mwenyewe kilio chake. Ahadi iliyopata chombo na wenyewe wa kukitumia iliishi kuliko ile iliyobaki kwenye karatasi ya wakubwa.

Kwa hiyo Mwingereza angefanya nini? Wapo wanaosema, na huyu si mjinga, balozi wa zamani wa Uingereza kule Beijing, Percy Cradock, alikuwa mmoja wao, kwamba Patten angetulia Legco ya 1995 ingevuka mpaka mamlaka mapya bila kuvunjwa. Pengine. Lakini ingevuka ikiwa imepunguzwa ukali mapema, na mianya iliyozibwa 1998 ingekuwa imezibwa na Mwingereza mwenyewe. Wengine wanasema angeanza 1946. Hapo mimi ndo nilipo. Si kwa sababu China ingeheshimu zaidi, hilo siwezi kukuapia, ila kwa sababu miaka hamsini ya mabaraza yenye madaraka ingezaa vyama, desturi, na maafisa waliozoea kuhojiwa, na vitu vya namna hiyo kuvifuta kunachukua muda na kunaonekana. Miaka miwili ilifutika usiku mmoja. Patten simlaumu kwa alichofanya, nawalaumu waliomtangulia kwa kumuachia miaka mitano.

Tuje kwa wapwa zako, na hapa mwanangu mimi ni mwalimu wa historia ya katiba, siyo wakili, kwa hiyo nakupa picha tu. BN(O) ni hadhi iliyosajiliwa kabla ya makabidhiano, haiendi kwa mtoto kwa kuzaliwa. Watoto wanapata haki zao Uingereza kwa njia nyingine, inategemea wamezaliwa wapi na baba yao wakati huo alikuwa na kibali gani, cha muda au cha kudumu. China haitambui uraia pacha, na toka 31 Januari 2021 yenyewe na Hong Kong hazitambui pasipoti ya BN(O) kama hati ya kusafiria. Na upande wetu, kama mama yao bado ni raia wa Tanzania, kuna suala la uraia wao huku ambalo linatakiwa kuamuliwa wakifika miaka 18. Hivi vitu vitatu vinagongana, na sheria zake zinabadilika, msiviamue kwenye simu ya video. Waende kwa mshauri wa uhamiaji mwenye leseni hapo Manchester, ana kwa ana, kabla ya kukata tiketi, wabebe vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, pasipoti zote hata zilizoisha muda, na kitambulisho cha Hong Kong cha shemeji.

Na shemeji mwenyewe, kama ameshiriki maandamano au huandika mambo ya siasa mtandaoni, amwambie huyo mshauri ukweli wote kabla ya safari. Ile sheria ya usalama ya 2020, vifungu vya 37 na 38, inasema inahusu hata vitendo vilivyofanyika nje ya Hong Kong. Simtishi, watu wengi wanakwenda na kurudi salama, lakini hilo ni la kuulizwa kwa mtu anayeweza kukaa naye, kusoma alichoandika na kumpa jibu lake yeye. Kama mshauri atasema asubiri, basi bibi naye anaweza kupandishwa ndege kuja Manchester.